Namba Ambazo Roosevelt Hakuziuliza

Mwishoni mwa Machi 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, mzee wa miaka 62 alisukumwa katika kiti cha magurudumu mpaka ndani ya hospitali ya jeshi la wanamaji la Marekani huko Bethesda, nje kidogo ya jiji la Washington. Alikuwa na kikohozi kisichokwisha. Akigeuka kitandani tu, anahema. Midomo na kucha zake zilikuwa na ubluu ambao daktari yeyote akiuona hushtuka. Mzee huyo alikuwa Franklin Delano Roosevelt, rais wa Marekani, na siku zile mamilioni ya askari wa nchi yake na wa washirika wake walikuwa wakijiandaa kuvuka bahari kwenda kupigana Ufaransa.

Aliyempima aliitwa Howard Bruenn, daktari wa moyo ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 40. Alimsikiliza kifua, akatazama picha za eksirei, akaona moyo umetanuka kupita kiasi na unashindwa kuisukuma damu sawasawa. Kisha akamfunga mkanda mkononi, akaujaza hewa, akaweka sikio kazini. Namba ya juu ikasoma 186, ya chini 108.

Zishikeni namba hizo, wanangu, maana kisa chote kimo ndani yake. Lakini mtu hawezi kuogopa namba asiyojua inapima nini. Kwa hiyo, kabla sijaendelea na mzee wetu, nitawapeleka Uingereza, zaidi ya miaka 200 kabla ya siku ile, kwa kasisi mmoja aliyekuwa na udadisi usiokwisha.

Kasisi huyo ni Stephen Hales, wa kijiji cha Teddington kando ya mto Thames. Ibada zikiisha, alikuwa akichunguza jinsi maji yanavyopanda ndani ya mimea, na vilevile alijiuliza: damu ndani ya mnyama inasukumwa kwa nguvu kiasi gani? Akamfunga farasi jike, akamlaza chali, akafungua mshipa mkubwa wa pajani, akaingiza kibomba cha shaba. Juu yake akaunganisha kibomba kingine cha shaba; katika jaribio la baadaye alitumia koromeo la bata bukini, kwa sababu mabomba ya mpira yalikuwa bado hayajaanza kutumika na koromeo la bukini hujipinda bila kukatika. Mwisho akaunganisha bomba la kioo, refu kumpita mtu, likasimama wima. Alipoiachilia damu, ilipanda ndani ya kioo mpaka futi 8 na inchi 3, yaani kama mita 2 na nusu. Huko juu ikawa inainuka na kushuka kidogo, inainuka na kushuka, ikifuata kila pigo la moyo. Hales aliyachapisha majaribio yake mwaka 1733. Namhurumia yule farasi, na sipendi kupita hapa bila kusema hivyo. Lakini kwa mara ya kwanza binadamu aliiona kwa macho ile nguvu ambayo mpaka wakati huo alikuwa akiihisi tu kwenye mapigo ya mshipa.

Nguvu hiyo ndiyo shinikizo la damu. Sote tunalo, na tusingelikuwa nalo damu isingepanda kutoka kifuani mpaka kwenye ubongo. Moyo ukijikamua, shinikizo hupanda: hiyo ndiyo namba ya juu. Moyo ukipumzika kabla ya pigo jingine, shinikizo hushuka, ila halifiki sifuri: hiyo ndiyo namba ya chini.

Daktari hawezi kusimamisha bomba la mita 2 mbele ya kila mgonjwa, wala hakuna mgonjwa atakayekubali kukatwa mshipa. Basi wataalamu wakatumia zebaki, madini yale ya majimaji yanayong'aa kama fedha, kwa sababu ni mazito kuliko damu karibu mara 13. Damu inayoweza kupanda mita moja na nusu huinua zebaki milimita 120 tu, kimo kinachotosha juu ya meza. Mwaka 1896, huko Turin, Italia, daktari Scipione Riva-Rocci akatengeneza mkanda wa kufunga kwenye mkono na kuujaza hewa mpaka mshipa ubanwe. Mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Kirusi, Nikolai Korotkoff, akagundua kuwa ukiweka kifaa cha kusikilizia chini ya mkanda huo na kuulegeza polepole, utasikia damu ikigonga pale inapoanza kupenya, kisha mlio unapotea damu inapopita bila kizuizi. Mlio wa kwanza ni namba ya juu, na kimya kinapoanza ni namba ya chini. Mpaka leo muuguzi anayetumia kifaa cha masikioni anafanya alichofanya Korotkoff.

Sasa chukueni daftari mfanye hesabu. Mtu mzima mwenye afya ana namba ya juu kama 120. Zidisha kwa 13, utapata milimita 1,560, yaani damu yake ingepanda mita moja na nusu na ushei. Ya Roosevelt siku ile, 186 mara 13, ni karibu mita 2.4. Juu ya kichwa cha mtu mrefu kabisa mnayemfahamu.

Na mambo hayakuanza siku ile. Mwaka 1935 daktari wake alipompima alipata 136 kwa 78, namba ambayo haikumtisha mtu. Mwaka 1937 ikawa 162 kwa 98. Mwaka 1941 ikawa 188 kwa 105. Siku hizi madaktari wengi husema shinikizo limepanda mtu akifika 140 kwa 90 au zaidi, tena akipimwa siku tofauti. Kwa hiyo Roosevelt alikuwa mgonjwa kwa miaka saba kabla Bruenn hajamwona. Alikuwa anahutubia, anacheka na waandishi wa habari, anavuta sigara yake kwenye kishikio kirefu, anakunywa na marafiki jioni. Hakuna kilichomuuma. Daktari wake wa kila siku, Ross McIntire, alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo, na alikuwa akilitangazia taifa kwamba rais ni mzima, ana mafua tu na uchovu wa kazi.

Ubaya wa ugonjwa huu uko hapo. Malaria ina homa, jino bovu halikulazi, mguu uliovunjika unajitangaza wenyewe. Shinikizo la damu linaweza kukaa ndani ya mtu miaka 10 akiwa anacheza ngoma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu wazima bilioni 1.2 wanaishi nalo, na karibu nusu yao hawajui. Ndiyo maana mtu akiniambia kuwa presha yake huijua mwenyewe ikipanda, kichwa kikigonga au kisogo kikiwa kizito, humwomba kwa heshima aende akapimwe. Kichwa huuma kwa sababu mia, na shinikizo kubwa mara nyingi haliumi kabisa.

Lakini kutouma si kutodhuru. Mmewaona hamali wa bandarini, wanaobeba magunia mwaka baada ya mwaka, jinsi mikono yao inavyotuna? Moyo ni msuli pia. Ukilazimishwa kusukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa mchana na usiku, mapigo kama 100,000 kwa siku, nao hutuna. Tofauti ni kwamba hamali hupata mkono wenye nguvu, ilhali moyo uliotuna kuta zake huwa ngumu na nafasi ya ndani hupungua. Baadaye huchoka, hutanuka na kulegea, maji huanza kurudi kwenye mapafu, na mtu hahemi vizuri akilala chali. Hapo ndipo Bruenn alipomkuta Roosevelt.

Mishipa nayo huumia. Kuta zake laini za ndani huchubuka, mafuta huganda pale palipochubuka, njia inakuwa nyembamba. Kwenye figo, ambazo huchuja damu kwa vijishipa vidogo kuliko unywele, vichujio hufa kimoja kimoja bila kelele, na figo zilizoharibika nazo hupandisha shinikizo zaidi, kwa hiyo mgonjwa hunaswa kwenye mzunguko. Nyuma ya jicho mishipa huvuja. Daktari akimulika kwa taa yake huweza kuiona, na hapo ndipo mahali pekee mwilini anapoweza kuitazama mishipa ya damu moja kwa moja bila kupasua. Na kwenye ubongo, mshipa uliodhoofika unaweza kuziba au kupasuka. Hicho ndicho kiharusi.

Turudi Bethesda. Bruenn alisema wazi wazi: rais ana moyo unaoshindwa, shinikizo kubwa, na anahitaji kutibiwa leo. McIntire mwanzoni alisita. Baraza la madaktari likakaa, wakabishana, mwishowe wakakubali. Rais akapewa digitalis, dawa ya zamani itokanayo na mmea, ya kuupa moyo nguvu. Chumvi ikapunguzwa kwenye chakula chake. Sigara zikapunguzwa kutoka paketi nzima kwa siku mpaka chache. Akapelekwa kupumzika karibu mwezi mmoja kwenye shamba la rafiki yake huko South Carolina. Mapafu yakasafika, usingizi ukarudi, na watu wakaona rais amepona.

Shinikizo halikushuka. Juni 1944, majeshi yalipotua kwenye fukwe za Normandy, lilikuwa 226 kwa 118. Novemba, mwezi ule ule alioshinda uchaguzi wa mara ya nne, lilifika 260 kwa 150.

Na hapa pana jambo ambalo kila nikilifikiria linanisikitisha kuliko namba zenyewe. Bruenn, alipokuja kuandika habari hizi mwaka 1970, alisema kuwa katika muda wote ule Roosevelt hakuwahi kumuuliza kwa nini anapimwa mara kwa mara, wala namba zinasemaje, wala zile dawa ni za nini. Mtu aliyetaka kujua kila meli iko wapi katika bahari zote hakutaka kujua kinachotokea ndani ya mishipa yake mwenyewe. Na madaktari hawakumwambia. Wananchi waliompigia kura nao hawakuambiwa.

Februari 1945 akasafiri mpaka Yalta, pwani ya Bahari Nyeusi, kukutana na Churchill na Stalin kupanga dunia itakavyokuwa baada ya vita. Daktari wa Churchill, Lord Moran, alimtazama tu kwa mbali na kuandika katika shajara yake kwamba mtu huyu amebakiwa na miezi michache. Alisema kweli. Tarehe 12 Aprili 1945, Roosevelt alikuwa kwenye nyumba yake ndogo ya Warm Springs, Georgia, ameketi akichorwa picha na msanii Elizabeth Shoumatoff. Saa saba hivi mchana akalalamika kwamba kisogo kinamuuma vibaya sana, akainama, akazimia. Bruenn alipofika na kumpima, namba ya juu ilipita 300 na ya chini ilikuwa 190. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya ubongo. Kabla ya saa kumi alasiri alikuwa amefariki, akiwa na miaka 63.

Fanyeni tena ile hesabu. 300 mara 13. Ni karibu mita 4. Goli la mpira wa kikapu lina urefu wa mita 3.05.

McIntire aliwaambia waandishi wa habari kuwa jambo hilo lilikuja ghafla, bila dalili. Na kama ilivyo kawaida ya maradhi yaliyofichwa, kifo kilikuwa kimeshayaumbua.

Nisiwadanganye, lakini, kwamba yote yalikuwa makosa ya McIntire. Hata Bruenn, pamoja na ujuzi wake, hakuwa na dawa ya kushusha shinikizo. Hakuna daktari duniani aliyekuwa na dawa nzuri ya kazi hiyo. Tena wengi waliamini haifai kulishusha. Paul Dudley White, mmoja wa mabingwa wakubwa wa moyo Marekani, aliandika katika miaka ya 1930 kwamba huenda shinikizo kubwa ni njia ya mwili kujisaidia, lisichokonolewe hata kama tungekuwa na uwezo wa kulidhibiti. Hoja ilikuwa kwamba mishipa ya mzee ikiwa migumu, damu inahitaji nguvu zaidi kupita. Inaingia akilini, sivyo? Ndiyo hatari ya hoja inayoingia akilini bila kupimwa.

Waliojaribu kutibu walikuwa na njia ngumu. Wako wapasuaji waliokata mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo ili mishipa ya damu ilegee. Na Walter Kempner, daktari wa Kijerumani aliyehamia chuo kikuu cha Duke, North Carolina, aliwalisha wagonjwa wali na matunda tu, bila chumvi, wiki baada ya wiki. Wali mweupe mtupu, kila siku! Wengi walishindwa. Waliovumilia, baadhi yao shinikizo lilishuka, moyo ukapungua ukubwa, na mishipa ya jicho iliyokuwa ikivuja ikapona. Kempner alionyesha jambo moja kubwa: uharibifu unaweza kurudi nyuma.

Miaka mitatu baada ya kifo cha Roosevelt, mrithi wake Harry Truman alitia saini sheria ya kupigana na magonjwa ya moyo, na mwaka huo huo wa 1948 wataalamu wakaenda kwenye mji wa Framingham, Massachusetts, kuanza kazi iliyohitaji subira ya ajabu. Hawakwenda kutibu. Waliwaomba watu 5,209, wengi wao wakiwa wazima kabisa, wakubali kupimwa kila miaka miwili, kisha wakangoja kuona nani ataugua na nani hataugua. Miaka ikapita, na daftari likaanza kusema. Waliokuwa na shinikizo kubwa ndio waliopata kiharusi na moyo kushindwa kwa wingi. Hapakuwa na kujisaidia kokote kwa mwili. Baadaye watoto wao wakaandikishwa, kisha wajukuu, na utafiti unaendelea hata leo.

Swali likabaki: ukilishusha, unaokoa mtu? Mwaka 1967 daktari Edward Freis na wenzake waliowatibu askari wastaafu wa Marekani walitoa jibu. Waliwachukua wanaume 143 wenye shinikizo kubwa sana. Karibu nusu wakapewa vidonge vya kushusha, nusu nyingine vidonge visivyo na dawa. Kati ya 70 waliokosa dawa, 27 walipata madhara makubwa, ya kiharusi, moyo, figo au kifo. Kati ya 73 waliopata dawa, walikuwa 2. Someni tena namba hizo mbili. Sijui hadithi ya kishujaa yenye ushindi ulio wazi kuliko huo.

Basi mtauliza: hayo ni ya Marekani, sisi huku yanatuhusu vipi? Yanatuhusu, na historia yetu nayo ina kisa chake.

Mwaka 1929 daktari wa Kiingereza aitwaye Donnison, aliyefanya kazi hospitalini Kavirondo ya Kusini, upande wa kusini wa Nyanza nchini Kenya, alichapisha habari katika jarida la Lancet. Alikuwa amewapima watu 1,000 wa eneo hilo na kukuta kwamba, tofauti na Ulaya, shinikizo lao halikupanda na umri. Wazee wengi walikuwa nalo chini kuliko vijana. Na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika miaka miwili, hakukutana hata na mmoja mwenye shinikizo kubwa. Hata mmoja! Leo nendeni kliniki yoyote Kisumu, Mwanza au Dar es Salaam siku ya wagonjwa wa presha, mwone mabenchi yalivyojaa.

Nini kilitokea katikati? Katika miaka ya 1980 watafiti, akiwamo daktari Neil Poulter, waliwafuata Waluo waliokuwa wakihama kutoka vijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki nyumbani. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Ndani ya miezi michache tu ya kuishi mjini, shinikizo la wahamiaji lilikuwa limepanda kuliko la waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi, ambayo hutoka kwenye chumvi, na potasiamu kidogo, ambayo hutoka kwenye matunda, viazi vitamu, maharage na mboga za majani. Uzito wao uliongezeka, na mapigo yao yalikuwa ya kasi zaidi.

Kwa hiyo anayesema presha ni ya kuzaliwa tu, amesema nusu. Urithi upo, ukiwa na mzazi mwenye shinikizo kubwa, wewe anza kupimwa mapema. Umri nao upo. Lakini mwili ule ule uliokaa salama kijijini ulibadilika kwa chakula na maisha ya mjini. Na anayesema presha ni mawazo tu, kwamba bibi ameudhiwa na wajukuu ndiyo maana imepanda, naye amesema kidogo mno. Hasira hupandisha shinikizo kwa muda, kisha hushuka. Kinacholipandisha na kulikalisha huko juu ni mambo yanayorudiwa kila siku: chumvi, uzito, pombe, kukaa bila kutumia mwili. Sigara nayo huchubua mishipa ile ile iliyokwisha kuchoka.

Chumvi niizungumzie kidogo, maana ndiyo iliyo mikononi mwetu. Ukila chumvi nyingi mwili hubaki na maji zaidi ili kuizimua, damu huongezeka, na moyo husukuma zaidi. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa, na figo za wengine ni dhaifu katika kazi hiyo kuliko za wengine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hicho kijiko ni cha kutwa nzima, na ndani yake imo chumvi ambayo hamkuitia wenyewe: ya mkate, ya krispi, ya vile vidonge vya mchuzi, ya achari, ya ng'onda na papa mkavu. Ukishakula hayo, kisha ukainyunyiza tena mbichi juu ya chipsi, kijiko kimeshamwagika zamani.

Ninyi vijana hamko nje ya hesabu hii. Shinikizo kubwa hupatikana hata kwa watoto wa shule, wakati mwingine kwa sababu ya figo, na siku hizi mara nyingi zaidi kwa sababu ya uzito.

Sasa niwape kisa cha nyoka, maana nimewaahidi moyoni tangu mwanzo kwamba tutafika kwenye dawa. Huko Brazil yuko nyoka aitwaye jararaca. Akimuuma mtu, moja ya hatari ni kwamba shinikizo la damu huporomoka. Mwaka 1965 mwanasayansi wa Kibrazili, Sérgio Ferreira, alieleza vitu alivyovipata ndani ya sumu hiyo. Alivipeleka London, kwenye maabara ya John Vane, na ikagundulika kwamba vinazuia kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kubana mishipa. Wanakemia wa Marekani wakatengeneza kitu kidogo kinachofanya kazi hiyo hiyo bila sumu, wakakipa jina captopril, na mwaka 1981 kikaruhusiwa kutumika Marekani. Tazameni pakiti za dawa za wazee nyumbani. Mkiona jina linaloishia na pril, kama enalapril au lisinopril, huyo ni mjukuu wa utafiti wa jararaca. Mkiona hydrochlorothiazide, hiyo hutoa chumvi na maji kupitia mkojo. Mkiona amlodipine, hiyo hulegeza kuta za mishipa.

Vidonge hivi si vya ajabu leo, vimo katika hospitali zetu na katika maduka ya dawa. Roosevelt, pamoja na meli zake zote za kivita, hakuwa hata na kimoja. Ndiyo maana huumia nikisikia mzee ameacha dawa kwa sababu anajisikia mzima, au hataki kuanza kwa kuwa ukianza huachi. Anajisikia mzima, hata Roosevelt alijisikia mzima mwaka 1941. Dawa hushusha shinikizo siku unazoimeza. Ukiacha, linapanda tena, kimya kimya kama lilivyokuja. Ikimletea kikohozi au kizunguzungu, amweleze daktari ampe nyingine, zipo za aina nyingi.

Kupima hata ninyi mnaweza kusaidia, kama kuna mashine ya betri nyumbani. Bibi au babu aketi kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kupishanishwa. Asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita, na awe amekwenda haja ndogo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati la mikono mirefu, na mkono uwekwe mezani usawa wa moyo. Wakati mashine inajaza hewa, yeye asiongee na ninyi msimchekeshe. Pimeni mara mbili, kwa kuachanisha dakika moja, mwandike namba zote na tarehe kwenye daftari, alipeleke kliniki. Wengine shinikizo lao hupanda kwa hofu wakiona tu koti jeupe, na daftari la nyumbani humsaidia daktari kujua ukweli.

Na ikitokea siku mtu nyumbani mdomo umepinda upande mmoja, au mkono mmoja umelegea ghafla, au maneno yake yamevurugika, huenda ni kiharusi: msingoje asubuhi na msimpeleke kwanza kwa mtu wa kumchua. Ni hospitali moja kwa moja, iliyo kubwa kadiri mnavyoweza kuifikia. Msimpe maji wala chakula wala kidonge njiani, maana koo lake huenda limelegea na kitu kikamwingia mapafuni. Tazameni saa, mwandike dalili zilianza saa ngapi, au mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, maana hilo ndilo swali la kwanza atakalowauliza daktari.